Wanaume, vueni suruali mbele ya daktari!

Ndugu zangu, leo nazungumzia jambo ambalo baadhi yenu mtatazama kwanza huku na huku kabla ya kuendelea kusoma. Kama uko ofisini na bosi amesimama nyuma yako, subiri aondoke. Kama uko kwenye daladala, inamisha simu kidogo. Nazungumzia ngozi ya uume na korodani: vipele, mabaka, vidonda, michubuko, miwasho, na jinsi sisi wanaume, tena wenye digrii zetu ukutani, tulivyo wajinga wa kutupwa inapofika hapo.

Kisa chenyewe kilianzia chumba cha habari. Katika kikao chetu cha asubuhi nilitoa wazo la makala: mabadiliko ya ngozi katika sehemu za siri za mwanamume, na lini mtu amwone daktari. Kilichofuata ni kicheko. Mmoja akauliza kama nataka kujiuguza kwa fedha za kampuni. Mhariri akafuta machozi ya kucheka, akasema, "Hiyo kawape wa magazeti ya udaku." Tukahamia bei ya mafuta.

Sasa sikilizeni. Kufikia kesho yake jioni, wanaume wanne wa chumba kile kile walikuwa wameshanifuata, mmoja mmoja. Mmoja alinikuta kwenye ngazi. Mwingine alinisindikiza hadi kituoni ingawa anakaa upande mwingine wa jiji. Wa tatu alianza na "kuna rafiki yangu", na sote wawili tulijua rafiki huyo ni nani. Wa nne ndiye aliyecheka kuliko wote kikaoni. Alikuwa na kidonda kilichokaa mwezi mzima.

Na gazeti lililokataa makala yangu, siku hiyo hiyo lilikuwa na matangazo matatu ya "nguvu za kiume", mawili ya kurefusha na kunenepesha, na moja la mganga anayetibu "U.T.I. sugu, kaswende sugu na fangasi sugu" kwa dawa moja ya unga. Kwa hiyo kuuandika uume kwa ajili ya kuuza uongo ni biashara. Kuuandika kwa ajili ya kuokoa mtu ni udaku! Huo ndio unafiki ninaotaka kuupiga vita leo, na sitaanza na wengine. Naanza na mimi mwenyewe.

Aibu yangu

Mwaka juzi nilipatwa na mafua na kikohozi. Kama Mbongo yeyote mwenye haraka, nikapita duka la dawa nikanunua septrini. Daktari hakuniandikia. Nilijiandikia mwenyewe. Baada ya siku kadhaa nikaona baka la mviringo kwenye kichwa cha uume, jekundu linaloelekea zambarau, linachoma kama nimemwagiwa maji ya moto. Katikati likatoka lengelenge, likapasuka.

Jamani, sikulala. Kichwani mwangu hukumu ilikuwa imeshatoka: ni gonjwa la zinaa. Na kwa kuwa mimi nilijijua sikutoka nje, basi aliyetoka ni mchumba wangu. Sikumpima, sikujipima, sikumuuliza mtu. Nilimpigia simu saa nne usiku nikamwambia maneno ambayo sitayarudia hapa.

Yeye hakubishana. Kesho yake akaenda kupima kila kinachopimika, akaja na karatasi, akaiweka mezani kwangu, akaondoka. Yote safi. Nami nikajiambia karatasi zinanunuliwa.

Wakati huo huo nilikuwa nimekwenda duka lingine la dawa. Kijana wa kaunta hakuuliza hata swali la pili. "Inawasha au inachoma?" Nikasema inachoma. Akanipa tyubu moja ya mafuta, vidonge vya aina mbili, na ushauri wa bure: "Punguza kuzurura, kaka." Watu wawili nyuma yangu kwenye foleni wakacheka. Nikalipa, nikaondoka mbio.

Baka likapona, likaacha alama nyeusi. Nikaamini tyubu imeniponya. Miezi minne baadaye nikaharisha, nikameza tena septrini zilizobaki kwenye droo. Safari hii haikupita hata usiku mmoja: baka likarudi, mahali pale pale, umbo lile lile. Na mchumba sikuwa naye tena, kwa hiyo wa kumsingizia hakuwepo.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa daktari. Alikuwa mama wa makamo. Alivaa glovu, akaangalia kwa dakika moja hivi, akaniuliza swali ambalo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza: "Kabla halijatokea ulikuwa umemeza dawa gani?"

Ulikuwa ni mzio wa dawa. Baadhi ya watu, wakimeza dawa fulani, miili yao huitikia kwa baka linalotokea mahali pamoja, na kila wakirudia dawa ile baka hurudi pale pale. Kichwa cha uume na midomo ni kati ya sehemu linazopenda. Dawa zenye salfa, kama septrini na zile za SP tulizokuwa tukimezea malaria, zinajulikana sana kwa hilo. Doksisaiklini nayo imo, na dawa za maumivu kama ibuprofeni. Haiambukizi. Haina uhusiano na uzinzi wa mtu yeyote. Tiba yake kubwa ni kuiacha dawa hiyo na kumtajia kila daktari atakayekuhudumia hadi uzeeni.

Dakika moja ya kuangaliwa na swali moja. Kwa kukwepa hayo mawili nilimvunjia heshima mtu ambaye alikuwa hajanikosea chochote. Tumesharudi kusalimiana. Zaidi ya hapo sina cha kusema, na sistahili kusema.

Ya kawaida tunayoyaita magonjwa

Upande wa kwanza wa ujinga wetu ni kuogopa visivyo ugonjwa. Tulisoma mfumo wa uzazi kidato cha tatu kwa kucheka, tukaufaulu kwa kukariri, na hakuna aliyetuambia ngozi ile inaonekanaje ikiwa nzima.

Vipele vidogo vilivyojipanga kama shanga kuzunguka ukingo wa kichwa cha uume, haviwashi, haviumi: si ugonjwa. Wanaume wengi wanavyo. Vidoti vyeupe au vya manjano kwenye shina la uume na kwenye korodani: ni vitezi vya mafuta vya ngozi, umeumbwa navyo. Mstari mweusi unaopita chini ya uume katikati hadi kwenye korodani: ni mshono wa maumbile, kila mwanamume anao. Ngozi ya huko kuwa nyeusi kuliko ya mapajani: kawaida. Vidoti vyekundu vilivyokolea kwenye korodani za mtu aliyekwenda umri: mara nyingi ni vimishipa vya damu vilivyotanuka tu.

Sasa wapo wenzetu wanaovitumbua hivyo kwa pini, wanaovipaka dawa ya meno, spiriti na kitunguu saumu kilichopondwa. Kitunguu saumu kibichi kinaunguza ngozi, ndugu zangu! Mtu anaingia na shanga zake alizoumbwa nazo, anatoka na kidonda cha moto. Kama huna uhakika, muulize daktari mara moja tu, upewe jibu, uishi kwa amani maisha yako yote.

Ya hatari tunayoyaita ya kawaida

Upande wa pili ndio unaoua. Nao una jina: "Itapona yenyewe."

Chukua kaswende. Kidonda chake cha kwanza kwa kawaida hakiumi. Hutokea kwa wastani wiki 3 baada ya kuambukizwa, na, hapa sikilizeni vizuri, hupotea chenyewe ndani ya wiki 3 hadi 6 hata usipopaka kitu. Hapo ndipo waganga wa mabango wanapojipatia sifa. Ulikwenda na kidonda, ukapewa unga, kidonda kikafunga, ukamletea kuku wa shukrani. Kumbe ugonjwa umehama kutoka kwenye ngozi umeingia kwenye damu. Unarudi baadaye kwa vipele mwilini, hata kwenye viganja na nyayo, kisha unaweza kujificha miaka mingi ukaja kushambulia moyo na ubongo. Mkeo akiwa mjamzito, unaweza kumuua mtoto tumboni. Na haya yote, ukiwahi mapema, yanamalizwa kwa dozi moja ya sindano ya penisilini ya benzathini, yuniti milioni 2.4. Ni dawa ya zamani na ni ya bei nafuu. Tunachokwepa ni kuangaliwa, basi.

Chukua masundosundo, zile nyama zinazoota kama koliflawa. Yanaletwa na virusi vya HPV, hasa aina ya 6 na 11. Hayo si yanayoleta saratani kwa kawaida, lakini ndugu zao, aina ya 16 na 18, ndio wanaosababisha sehemu kubwa ya saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Serikali ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 mwaka 2018, na mwaka 2024 ikapanua hadi wa miaka 9 hadi 14 kwa dozi moja. Vizuri sana. Lakini tuulizane: virusi hao wanawafikaje dada zetu? Wanaletwa na upepo?

Chukua fangasi wa mapajani. Kijana anawashwa, anapewa ile tyubu maarufu ya "mchanganyiko": dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi ndani ya kopo moja. Steroidi inazima muwasho siku ya pili, anafurahi. Akiacha, unarudi kwa kishindo na kusambaa, kwa sababu steroidi inapunguza kinga ya ngozi na kumlea fangasi. Anapaka tena. Baada ya miezi ngozi ya kinena na korodani inakuwa nyembamba, ina michirizi isiyofutika, inachubuka kwa kuguswa na suruali. Ngozi ya huko ni laini, inanyonya dawa haraka kuliko ya mkononi. Tunawacheka dada zetu kwa mkorogo usoni, nasi tunajichubua kwa siri tusikoonekana!

Chukua upele, ule wa wadudu. Unawasha zaidi usiku, unaacha vinundu kwenye uume na korodani, na ukitazama utaukuta pia kati ya vidole. Ukijitibu peke yako bila wenzako wa nyumbani kutibiwa siku hiyo hiyo, na bila kufua nguo na mashuka, mtaambukizana hadi Krismasi.

Chukua kichwa cha uume kinachovimba, kinachoota utando mweupe na kuwasha, kinapona na kurudi, hasa kwa asiyetahiriwa. Kwa baadhi ya watu hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kisukari. Mtu ananunua tyubu ya sita, sukari inapanda, macho na figo vinaharibika, na kipimo cha tone moja la damu kingemwambia kila kitu.

Na chukua ngozi inayobadilika kuwa nyeupe, ngumu, yenye mikunjo kama karatasi, govi likaanza kukataa kurudi nyuma, mkojo ukaanza kutoka mwembamba. Hiyo si "ngozi kavu" ya kupaka mafuta ya mgando. Inahitaji daktari wa ngozi, kwa sababu inaweza kuziba njia ya mkojo, na kwa wachache ikageuka saratani.

Tukikumbuka pia mpox: Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa, ugonjwa ukiwa umeshaingia kwa majirani zetu, na Machi 2025 Tanzania nayo ikatangaza wagonjwa wake wa kwanza. Malengelenge yake mara nyingi huanzia sehemu za siri. Mwanamume aliyeficha hayo alikuwa anaficha mlipuko.

Baba Mdogo

Nilikuwa na baba mdogo, mkulima wa pamba huko Usukumani. Mtu wa miraba minne, mcheshi, aliyenilipia ada ya kidato cha tano baba alipokwama. Kama wanaume wengi wa rika lake kule, hakuwa ametahiriwa.

Chini ya govi lake kiliota kitu kama chunjua. Hakikumuuma, kwa hiyo hakusema. Kikakua. Akapaka majani. Kikatoa majimaji. Akapata unga kwa mganga wa mnadani. Kikaanza kunuka, akahamia kulala chumba cha nje na kumwambia mama mdogo kwamba anakoroma. Miaka miwili! Mama mdogo ndiye aliyeona damu kwenye nguo wakati wa kufua, akawaita ndugu, na ndugu wakamburuza hospitali akiwa anatembea ametanua miguu, mitoki ya kinena imevimba kama mayai.

Ilikuwa saratani ya uume. Walikata karibu wote, lakini ilikuwa imeshapanda. Daktari wa upasuaji aliniita pembeni kwa kuwa mimi ndiye "msomi" wa ukoo. Akaniambia kwamba angekuja wakati kile kitu kikiwa bado ni chunjua, wangekata kipande kidogo, wakakipima, na huenda mzee angerudi shambani na uume wake na uhai wake. Saratani hii si ya kila siku. Ni nadra. Lakini iko nje, juu ya ngozi, mtu anaishika kwa mkono wake kila anapokwenda haja. Haijifichi kama ya kongosho. Sisi ndio tunaoificha.

Alifariki mwaka 2021, akiwa na miaka 52. Kwenye msiba wasifu ulisomwa kwamba "aliugua tumbo kwa muda mrefu". Wanaume zaidi ya mia walikaa pale kwenye maturubai wakasikia "tumbo". Niwaulize: kati yao, ni wangapi walikuwa na chunjua kama ile siku hiyo, wakarudi nyumbani wakishukuru kwamba wao tumbo haliwaumi?

Mimi nilikuwa na kalamu mfukoni na nilinyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwetu kifo kilipomuumbua, tulimsaidia marehemu kuendelea kuficha.

Sasa ni lini uende?

Niyapange kama alivyonipangia yule daktari wa makamo.

Nenda leo hii, hata kama ni usiku: govi limerudi nyuma likakwama na kichwa kinavimba, korodani imeuma ghafla kwa nguvu, kwani ikiwa imejinyonga una saa chache tu, kama sita hivi, za kuiokoa, ngozi ya korodani inavimba haraka, inauma sana, inabadilika kuwa nyeusi, na una homa, au baada ya kumeza dawa umetoka malengelenge mdomoni, machoni na sehemu za siri kwa pamoja. Haya si ya kusubiri Jumatatu.

Nenda wiki hii: kidonda chochote, kinachouma au kisichouma, malengelenge, usaha, vipele vilivyokuja pamoja na mitoki ya kinena, mwenzako wa kitandani ameambiwa ana ugonjwa wa zinaa. Kidonda cha huko ni mlango wazi wa virusi vya Ukimwi, kwa hiyo pima na hilo.

Nenda usipite wiki mbili: baka, uvimbe au chunjua isiyoondoka; ngozi inayogeuka nyeupe na ngumu au nyekundu isiyopoa; kitu kinachovuja damu, kinachokua, kinachonuka; govi lililokuwa linafunguka na sasa halifunguki; muwasho unaorudi kila ukiacha dawa.

Na ukienda, usipake kitu kwanza kwa ajili ya "kupunguza". Daktari anatakiwa aone ugonjwa wenyewe. Beba pia maganda ya dawa zote ulizomeza mwezi huo.

Najua mtasema

Mtasema, "Mimi nimetahiriwa." Vizuri. Utafiti uliofanyika Afrika Kusini, Kisumu na Rakai, matokeo yakatoka kati ya 2005 na 2007, ulionyesha tohara inapunguza kwa takribani asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa Ukimwi na mwanamke. Aliyetahiriwa utotoni pia ana hatari ndogo zaidi ya saratani ile iliyomchukua Baba Mdogo. Lakini kupunguza si kufuta. Kaswende haiulizi kama una govi.

Mtasema, "Daktari mwenyewe ni mwanamke." Kwani dada zetu wanapokwenda kliniki kujifungua wanahudumiwa na nani? Wanalazwa wametanua miguu mbele ya madaktari wanaume, wanafunzi watano wakiangalia, na hawafi. Sisi tuliojipa cheo cha kichwa cha nyumba tunashindwa kufungua zipu dakika moja. Na ukitaka daktari mwanamume, omba. Una haki hiyo.

Mtasema, "Huduma zetu hazina siri." Hapo nakubaliana nanyi, tena kwa hasira. Kuna vituo ambapo mgonjwa anaulizwa shida yake kupitia dirisha, foleni nzima ikisikiliza. Kuna wahudumu wanaohubiri badala ya kutibu. Wahudumu, mnasoma hapa, najua: kejeli moja mnayomtupia kijana wa miaka 20 inamrudisha kwa mganga wa bango kwa miaka kumi. Pazia si ghali, na kufunga mlango ni bure. Na ninyi wa kaunta za dawa, mnapouza steroidi kwa swali la "inawasha au inachoma", mnatibu kwa kubahatisha, nasi ndio tunaolipa.

Lakini huduma mbovu si sababu ya kufa. Nchi hii ina watu waliosomea ngozi. Kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kiko KCMC, Moshi, tangu miaka ya 1990, na kimefundisha madaktari na maafisa tabibu waliotawanyika hospitali nyingi za mikoa, ndani na nje ya Tanzania. Ulizia hospitali ya mkoa wako kama wapo. Wameshaona mabaya kuliko lako. Lako halitawashtua.

Mtasema, "Dawa za asili zilitutibu mababu." Sipingi miti. Tunayo sheria ya tiba asili tangu mwaka 2002 na baraza la kusajili waganga. Ninachopinga ni mtu anayetibu kaswende, fangasi, kisukari na mapenzi kwa unga mmoja, bila kukuangalia, kwa njia ya simu. Na ninapinga zaidi gazeti linalomuuzia ukurasa. Ndiyo, na langu. Mshahara wangu unatokana pia na matangazo hayo, nami sina sababu ya kujitoa kwenye lawama.

Ombi langu

Wiki hii, ukiwa bafuni na mlango umefungwa, jiangalie. Pande zote, na chini ya govi kama unalo. Ijue ngozi yako ilivyo ikiwa nzima, ili siku ikibadilika utambue. Ukiona kitu, usimpigie simu mchumba wako saa nne usiku. Nenda ukaangaliwe.

Kisha mwambie mwanamume mwingine mmoja. Kaka yako, mshikaji wako wa kijiweni, baba yako mdogo kule kijijini. Mwambie kwa jina lake kamili, si "tumbo". Wale wenzangu wanne wa chumba cha habari, watatu wameshakwenda. Mmoja alikuwa na shanga tu, akatoka hospitali anapiga mluzi. Mmoja alichomwa sindano yake na mkewe pia, na ndoa ipo. Wa tatu anasubiri majibu ya kinyama walichokata kukipima. Wa nne, yule aliyecheka kuliko wote, bado ananiambia, "Nitaenda mwisho wa mwezi."

Mwisho wa mwezi upi, ndugu yangu? Mficha uchi hazai, na wewe bado unataka watoto.

Naomba kuwasilisha.